Maswali ya mafundi: CV na barua ya maombi ya kazi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa mafundi, na wengi wametuambatishia CV walizokwisha kuzituma bila kujibiwa. Tumezisoma kwa jicho la yule anayezipokea: foremani au mhandisi wa saiti mwenye rundo mezani na nafasi nne za kujaza kabla ya Jumatatu. Huyo anataka kujua mikono yako inaweza kufanya nini hasa, imekifanya wapi, na nani atakayepokea simu na kusema ni kweli.

Habari za kazi. Nimechomelea vyuma miaka tisa kwenye karakana ya mtaani hapa Mbagala. Mageti, grili, mabanda, na miaka hii miwili tumetengeneza minara ya matangi ya maji. Sina cheti, na bosi wangu hana hata karatasi yenye nembo. Mkandarasi mmoja anatafuta wachomeleaji na anataka CV. Nilikwenda steshenari wakaniandikia kurasa tatu, lakini nikiisoma sijioni mle ndani. Nifanyeje?
*Fundi wa kuchomelea, Mbagala*

Umeona sawasawa, ndugu yetu: haumo mle. CV uliyotutumia inaanza na jinsia, dini na hali ya ndoa, ikafuatia aya nzima ya kwamba wewe ni mchapakazi, mwaminifu na unayejituma. Ukurasa wa pili unasema unapenda kusoma na kuogelea. Chini ya ujuzi umeandikwa kwamba unajua programu za uhasibu. Hayo ni mabaki ya mteja aliyekaa kwenye kiti hicho kabla yako. Kazi ya miaka tisa imepewa mstari mmoja.

Anza upya, na usianzie kwenye kompyuta. Chukua daftari, orodhesha kazi kumi za mwisho unazozikumbuka vizuri. Kwa kila moja andika kilikuwa kitu gani, chuma cha aina gani na unene gani, umetumia mashine gani na vijiti gani, mshono ulikaaje, na nani alisoma mchoro. Ukimaliza, CV yako iko kwenye daftari hilo. Steshenari wana kazi ya kuipiga chapa tu.

Tuchukue minara ya matangi. CV yako inasema: "Nimetengeneza minara ya matangi." Kwa vipimo ulivyotuandikia kwenye barua yako, mstari huo unakuwa hivi:

"Minara minne ya tangi la lita 5,000, kimo cha mita 6. Nguzo za engo 75 × 75 × 6 mm, mikingamo ya engo 50 × 50 × 5 mm. Mashine ya arki, vijiti vya E6013 na E7018 vya mm 3.2, mishono ya kulala, ya kusimama na ya juu ya kichwa. Nilisoma mchoro, nikakata, nikaunga na kusimamisha saiti nikiwa na wasaidizi wawili."

Foremani akisoma hapo anakujua. Ameona unene wa chuma, kwa hiyo anajua hujaishia kwenye skwea paipu nyembamba za geti. Ameona umechomelea juu ya kichwa. Ameona E7018, vijiti vya kazi za kubeba uzito. Na hapo ndipo swali la usaili litakapotokea: unavihifadhi vipi? Vijiti hivyo hunyonya unyevu wa hewani. Vikitumika vibichi, mshono hutoka na vitundu, na hidrojeni inayobaki ndani inaweza kuupasua hata baada ya kupoa, wakati wewe umekwisha kukusanya vifaa. Ndiyo maana hukaa kwenye pakiti iliyofungwa au kwenye oveni yake mpaka dakika ya kutumika. Kama umevitumia na unajua hilo, viandike. Kama ulivishika siku moja tu, viache. Kila mstari wa CV ya fundi ni swali la usaili ulilojitungia mwenyewe.

Tumeona pia umeandika "6G". Tunakuomba uifute leo. Alama hizo zina maana kamili: kwenye sahani, 1G ni mshono wa kulala, 2G wa ubavuni, 3G wa kusimama, 4G wa juu ya kichwa, 5G ni bomba lililolala bila kuzungushwa, na 6G ni bomba lililofungwa kwa mwinamo wa digrii 45, unalizunguka wewe. Alama hizo huenda pamoja na karatasi ya jaribio ambapo kipande chako kilikatwa na kukunjwa, au kupigwa eksirei. Mkandarasi wa mabomba atakupa kipande cha bomba kabla hajakupa mkataba, na mzizi wa mshono utasema ukweli saa hiyo hiyo. Andika ulilonalo: "Nimechomelea sahani na engo kwa kusimama na juu ya kichwa. Niko tayari kwa jaribio la vitendo." Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa kwa mtu asiye na cheti, iweke mahali inapoonekana.

Kuhusu bosi asiye na nembo: andika jina la karakana, mtaa, mwaka ulioanza, cheo chako (saidia fundi mpaka mwaka fulani, kisha fundi) na namba ya simu ya mwenye karakana. Kazi za deiwaka ulizofanya katikati usiziorodheshe moja moja; zikusanye chini ya kichwa kimoja, "Kazi za kujitegemea na deiwaka", ukataja miaka na mbili tatu zilizo kubwa. Wadhamini wawe watatu: mwenye karakana, mteja mwenye kazi inayoonekana mpaka leo kama shule, kanisa au msikiti, na fundi ujenzi au mhandisi aliyekupokea saiti. Waombe ruhusa kwanza, kisha waambie kampuni gani inaweza kupiga. Mdhamini anayejibu "nani huyo?" amekuharibia kuliko kutokuwa naye.

Picha zinasaidia sana kwenye fani yako. Ukurasa mmoja, picha nne, zisizidi sita: mbili za kazi nzima, mbili za mshono kwa karibu, umelaza futi kamba pembeni ili ukubwa ujulikane. Chini ya kila picha weka maneno machache: kitu gani, wapi, mwaka. Usitume ambayo umesimama mbele ya geti ukiwa umelifunika nusu.

Na cheti? VETA hufanya tathmini ya kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, mahsusi kwa watu kama wewe waliojifunzia kazini. Ulizia chuo cha VETA kilicho karibu nawe lini wanapokea maombi ya fani ya uchomeleaji, uende na picha zako na daftari lako. Wakati unasubiri, usikubali "kutengenezewa" cheti na mtu yeyote. Vyeti vina namba, na kampuni zinazojali huuliza VETA.

Mimi ni fundi umeme, nipo Mwanza, nina NVA (cheti cha ufundi stadi) ngazi ya 2 na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. CV yangu ina kurasa tano na nimeambatisha vyeti kumi na moja. Nimeomba sehemu nyingi, kimya. Kosa liko wapi?
*Fundi umeme, Mwanza*

Kosa liko kwenye mpangilio, na hilo linarekebishika jioni moja. Leseni yako tumeikuta ukurasa wa nne, baada ya semina ya ujasiriamali. Mkandarasi wa umeme anatafuta leseni kabla hajatafuta jina. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza paonekane hivi:

Jina kamili
Fundi umeme wa majengo na viwandani
Leseni ya EWURA: daraja, namba, tarehe ya mwisho wa muda
NVA ngazi ya 2, ufungaji wa umeme, chuo, mwaka
Simu mbili, barua pepe, mji unaoishi

Tarehe ya mwisho wa muda iandike hata kama haikuulizwa. Leseni iliyokwisha muda ndiyo inayomkwamisha mwajiri anapokaguliwa, kwa hiyo ukimwonyesha mapema kwamba yako ni hai umemwondolea wasiwasi. Kama inakaribia kwisha, anza kuihuisha kisha andika kwamba maombi ya kuhuisha yamewasilishwa, na tarehe.

Sehemu ya uzoefu iende kutoka kazi ya karibuni kurudi nyuma. Uliandika "wiring ya nyumba na viwanda". Nyumba ngapi? Fezi moja au tatu? Ulianzia kupitisha mabomba ukutani, au ulikuja kufunga swichi na soketi mwishoni? Kwa maelezo uliyotupa, mistari yako miwili ya kwanza ni hii:

"Nyumba 14 za vyumba vitatu hadi vitano, fezi moja, kuanzia kupitisha mabomba hadi kufunga boksi la kugawia umeme (DB), kupima na kukabidhi."

"Kiwanda cha maji ya chupa, miaka 2: matengenezo ya stata za sta-delta za mota hadi 15 kW, kubadilisha kontakta, overlodi na taima, kutafuta hitilafu kwa kusoma mchoro wa kontroli."

Mstari wa pili ndio utakaokupeleka mbele kuliko wengi. Mafundi wa nyumba ni wengi. Anayefungua paneli akasoma mchoro wa kontroli anatafutwa. Wewe umeuficha chini ya neno "viwanda".

Vifaa vya kupimia viwe na mstari wake: multimita, klampu mita, Megger (kipimo cha insulesheni). Ukiandika Megger, jiandae kueleza umepimaje insulesheni ya nyumba: umeme umezimwa, taa na vifaa vya elektroniki vimeondolewa, unapima kwa volti 500 za DC, na usomaji usishuke chini ya megaohm 1. Ukipata chini ya hapo unagawa sakiti moja moja mpaka umkamate mhalifu, mara nyingi boksi lililoingia maji au waya uliochunika ulipovutwa kwenye kona.

Vyeti vya semina vipunguzwe. Bakiza usalama kazini, huduma ya kwanza, kufanya kazi juu ya kimo, na leseni ya udereva kama unayo, kwa sababu kazi za saiti za mbali huhitaji mtu wa kuendesha. Vingine subiri viombwe. Kurasa mbili zinakutosha.

Shikamooni. Nimemaliza ufundi bomba VETA mwaka jana, ngazi ya 2. Mimi ni msichana na sijawahi kuajiriwa, nimefanya mafunzo kazini wiki nane tu. Barua yangu inaanza hivi: "Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni binti wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 21, mwenye akili timamu. Naomba kazi yoyote katika kampuni yako tukufu." Mwalimu anasema ni nzuri. Mbona sijibiwi?
*Fundi bomba, Iringa*

Marahaba, mwanetu. Hayo uliyoandika ndiyo tuliyofundishwa wote shuleni, na kwa barua ya serikalini hayakudhuru. Kwa mkandarasi yamemaliza aya nzima bila kutaja bomba. Kinachoumiza zaidi ni maneno mawili, "kazi yoyote". Meneja ana tangazo la fundi bomba. Akisoma "kazi yoyote" anakuweka kwenye kundi la vibarua, wakati una cheti cha fani.

Wiki nane si kidogo kama zimehesabiwa. Fungua daftari lako la mafunzo, lile lenye saini ya msimamizi, uhesabu: vyoo vingapi, masinki mangapi, mabomba ya ukubwa gani. Tumefanya hivyo kwa kurasa ulizotupigia picha, na barua imetoka hivi. Mabano uyajaze wewe.

S.L.P. (namba), Iringa
Tarehe

Meneja Mradi,
(Jina la kampuni na anwani)

YAH: MAOMBI YA KAZI YA FUNDI BOMBA, TANGAZO LA TAREHE (...)

Ndugu Meneja,

Naomba nafasi ya fundi bomba kwenye mradi wa hosteli mliyoitangaza. Nina cheti cha NVA ngazi ya 2 katika ufundi bomba.

Katika mafunzo kazini ya wiki nane kwenye jengo la ghorofa tatu nilifunga vyoo 12 na masinki 16, niliunga mabomba ya PPR ya mm 20, 25 na 32 kwa mashine ya joto, na nilishiriki kupima njia za maji kwa presha kabla ya kuta kupigwa plasta. Daftari la mafunzo lenye saini ya msimamizi ninalo.

Tangazo lenu linataja njia za maji taka za mm 110. Nililaza mabomba hayo ardhini, pamoja na chemba mbili, kwa mteremko wa 1 kwa 60 nikitumia kamba na pima maji.

Nina spana mbili za bomba, msumeno wa chuma, pima maji na viatu vya usalama. Ninaweza kuanza tarehe (...) na niko tayari kufanya jaribio la vitendo siku yoyote mtakayopanga. Simu yangu ni (...).

Wako,
(Saini)
(Jina kamili)

Hesabu: haijajaza ukurasa. Aya ya tatu ndiyo tunayotaka uitazame sana, kwa sababu ndiyo itakayobadilika kila unapoomba. Unalisoma tangazo, unachagua sharti moja zito, kisha unalijibu kwa kazi uliyoifanya. Barua ile ile ikitumwa kampuni kumi bila aya hiyo kubadilika, wote kumi wanajua. Aya ya zana nayo usiidharau. Saiti nyingi humtaka fundi aje na zana za mkononi, na aliyeziandika huonekana tayari ameanza kazi.

Kuhusu usichana wako: umri na jinsia viache nje ya barua. Vyoo 12 vimefungwa au havikufungwa, basi.

Umeandika PPR, kwa hiyo utaulizwa. Mashine inawekwa digrii 260 za Selsiasi. Bomba la mm 20 linapashwa sekunde 5, la mm 25 sekunde 7, la mm 32 sekunde 8. Unaingiza moja kwa moja bila kuzungusha na unalishikilia mpaka litulie. Ukizidisha muda, plastiki iliyoyeyuka hutengeneza pete ndani ya bomba na maji hupungua kasi. Ukipunguza, kiungo hushika kwa nje tu na kitakusaliti siku ya kupima presha. Jibu hivyo kwa utulivu. Hakuna atakayekuuliza tena habari ya wiki nane.

Salamu kutoka Mombasa. Nimekuwa mekanika wa malori miaka sita kwa gereji moja. Nimeacha kazi mwezi uliopita, na mwenye gereji amekataa kunipa barua, asema nimemuacha vibaya. Nina Trade Test (mtihani wa ufundi) ya NITA, daraja la II. Nitaombaje kazi bila barua? Na niandike CV kwa Kiingereza au Kiswahili?
*Mekanika, Changamwe*

Ndugu, tenganisha vitu viwili. Barua ya kukusifu hawezi kulazimishwa kukupa. Hati ya utumishi ni haki yako: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe kila aliyeacha au kuachishwa kazi, isipokuwa aliyefanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Huandikwa jina lake na lako, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mahali. Haina nafasi ya kuandika kama mliachana vizuri au vibaya, na kwa mwajiri mpya hiyo inatosha kabisa. Muombe kwa maandishi, kwa adabu, ukitaja kifungu hicho, na ubaki na nakala. Akiendelea kukataa, nenda ofisi ya leba. (Kwa wasomaji wa Tanzania: haki kama hiyo iko kwenye kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Wengi hawaiombi kwa sababu hawajui ipo.)

Wakati unaingoja, mdhamini wako anaweza kuwa foremani uliyefanya naye kazi au mwenye malori uliyokuwa ukiyahudumia. Cheti cha NITA kiandike pamoja na daraja, fani na mwaka. Mwajiri wa Kenya anaelewa mara moja tofauti ya daraja la III, II na I.

Kwenye CV yako umeandika "injini zote". Hakuna mekanika wa injini zote. Taja malori ya aina gani, kisha kazi: kufungua injini nzima, au ni klachi, breki za upepo, giaboksi, difu? Umewahi kusoma hitilafu kwa mashine ya kompyuta? Umefanya sevisi ya kila kilomita ngapi kwa malori mangapi? Lori likilala barabarani kati ya Mombasa na Malaba mwenye mali anahesabu hasara, kwa hiyo kama wewe ndiwe uliyekuwa ukitumwa kulifuata na kulirudisha barabarani, huo ndio uwe mstari wako wa kwanza.

Lugha ifuate tangazo. Matangazo mengi ya kwenu yako kwa Kiingereza, basi andika Kiingereza cha sentensi fupi, mtu mwingine akusomee makosa, lakini yawe maneno unayoweza kuyasema mwenyewe kwenye usaili.

Nimeomba Fundi Sanifu Msaidizi (umeme) kupitia Ajira Portal (tovuti ya maombi ya kazi serikalini) mara mbili na sijaitwa kwenye usaili. Sifa ninazo. Nisaidieni.
*Msomaji, Tabora*

Hapo mara nyingi anayeangusha ni nyaraka. Soma masharti ya jumla mwishoni mwa tangazo, sehemu ambayo wengi huiruka. Huombwa CV yenye anwani, simu zinazopatikana na wadhamini watatu. Barua ya maombi iliyosainiwa, ikielekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira. Cheti cha kuzaliwa na vyeti vya taaluma vilivyothibitishwa na wakili au mwanasheria. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya cheti chenyewe, wala matokeo ya muda ya chuo. Wewe kwenye picha uliyotutumia umepandisha hati ya matokeo.

Kitu kingine: kwenye cheti cha kuzaliwa una majina matatu, kwenye cha VETA mawili, na kwenye kitambulisho cha NIDA herufi moja ya jina la baba imebadilika. Muone wakili kuhusu hati ya majina sasa, kabla ya tangazo lijalo, kwa sababu matangazo hayakai siku nyingi. Hakikisha pia fani uliyoichagua kwenye akaunti yako inafanana na maneno ya cheti. Cheti cha ufungaji wa umeme kikiingizwa chini ya elektroniki, aliyekosea ni wewe.

Kampuni imesema nitume CV kwa WhatsApp. Nipige picha karatasi?
*Fundi rangi, Tanga*

Usipige picha. Itaonekana na kivuli cha simu yako, kona moja imekatika, na ikifunguliwa kwenye kompyuta haisomeki. Tuma faili moja la PDF lenye barua kwanza, kisha CV, kisha vyeti walivyotaja tu. Faili liitwe kwa jina lako na kazi, kama "Jina-Lako-Fundi-Rangi", kwa sababu mpokeaji ana mafaili ishirini yanayoitwa "CV mpya". Kwenye ujumbe wenyewe andika mistari miwili: jina, kazi unayoomba, na kwamba umeambatisha. Tuma saa za kazi. Picha yako ya WhatsApp wataiona pia, kwa hiyo itazame kabla.

Ukienda steshenari kutengeneza PDF hiyo, ondoka na faili kwenye simu yako au flashi, pamoja na lile la kuhariri, usiondoke na karatasi tu. Wakikufungulia barua pepe, nywila uichague wewe na namba ya kurejeshea iwe yako. Tumepata barua ya fundi aliyeitwa kwenye usaili kwa barua pepe iliyokuwa ikifunguka kwenye kompyuta ya steshenari peke yake. Alipokwenda kuisoma, siku ya usaili ilikuwa imepita kwa wiki moja.